Namna ya kumsemea mtoto wa kulelewa, kuanzia daftari la mahudhurio hadi bajeti ya halmashauri

Januari 2004 nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu wa shule ya sekondari, mkoani kwetu Mtwara, nimeshika fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza. Sare ilikuwa tayari, imeshonwa kubwa makusudi ili nivae hadi kidato cha tatu. Kilikosekana kitu kimoja, chini kabisa ya ukurasa wa mwisho: "Saini ya mzazi au mlezi."

Mama mzazi alifariki 1996 kijijini kwetu Newala. Bibi aliyenichukua naye akaondoka 1998. Ustawi wa Jamii wakanikabidhi kwa mama mmoja wa Mikindani, mchokoa pweza, asiye na undugu nami wa damu wala wa ndoa, na ndiye ninayemwita Mama mpaka leo. Siku ile alikaa pembeni yangu, miguu bado ina chumvi, maana maji yalikupwa alfajiri na hakutaka kuyaacha yapite bure. Karani akamwangalia juu hadi chini.

"Huyu nani wako?"

"Mwanangu. Namlea."

"Unamlea kwa karatasi gani?"

Mama akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Kwenye mikunjo ilikuwa imechakaa mpaka mwanga unapenya. Ilikuwa barua ya Ustawi ya mwaka 1998, ina muhuri wa bluu. Mama hakujua kusoma hata herufi moja. Aliitunza karatasi ile miaka mitano kwa sababu alimwona afisa akiigonga muhuri kwa nguvu, akajua hicho ni kitu cha kutunzwa. Karani akasoma, akanyamaza, akamsogezea pedi ya wino. Mama akaweka dole gumba, nami nikaanza kidato cha kwanza.

Baadaye nilisomea ualimu, nikafundisha shule ya msingi huko Tandahimba, kisha nikaacha chaki. Sasa naongoza shirika dogo linalotetea elimu ya watoto wasioishi na wazazi wao, katika vijiji vya Mtwara na Lindi. Vijana wengi, hasa waliolelewa kama mimi, huniuliza waanzie wapi. Nawajibu hapa kwa kirefu. Nimeona watoto maskini kupindukia wakimaliza shule kwa sababu alikuwepo mtu mzima aliyesimama jina lao lilipoitwa. Nimeona pia wenye sare na madaftari wakitoka kwa sababu hakuwepo. Kazi hii ni kumtafuta mtu huyo, kumpa karatasi mkononi, kisha kuhakikisha kijiji na halmashauri wanamjua.

Maneno kwanza

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua malezi ya kambo: mtoto anakabidhiwa kwa familia nyingine, Ustawi wa Jamii wakiwa wameikagua na wanaendelea kumfuatilia. Lakini ukienda Nanyumbu au Liwale ukasema "mama wa kambo", kila mtu atamwona mke wa baba, na utapokewa kwa mashaka. Mimi nasema "mlezi" na "mtoto wa kulelewa", watu wanaelewa. Usichanganye na kuasili. Kuasili kunapitia mahakamani, na mtoto anakuwa wako moja kwa moja kama uliyemzaa.

Halafu wapo wale ambao hawamo kwenye faili lolote. Bibi kabaki na wajukuu watatu, mama yao yuko Dar es Salaam, simu haipatikani. Mama mdogo kamchukua mtoto wa marehemu dada yake usiku wa msiba, basi, imetoka hiyo. Kwetu kusini hawa ni wengi sana, na hakuna aliyewahi kugonga muhuri kwa ajili yao. Ukitetea walio kwenye mafaili tu, utakuwa umewaacha hawa wote nje ya mlango.

Kwenye semina utasikia neno "uchechemuzi", yaani utetezi. Liache hukohuko semina. Kijijini sema "kumsemea mtoto". Wazee watakuuliza, "Kumsemea kwa nani?" na hapo mazungumzo yameanza.

Karatasi tano za mlezi

Kabla hujafikiria mkutano wala mabango, kaa na mlezi mmoja kwenye mkeka wake, muulize karatasi alizonazo. Kwa uzoefu wangu anazo mbili kati ya tano, na hajui kwamba anazo.

Kadi ya kliniki ya mtoto ndiyo huwa ipo, kwenye kopo la maziwa au chini ya godoro. Ina tarehe ya kuzaliwa na jina la mama, kwa hiyo ni ushahidi wa kwanza. Cheti cha kuzaliwa mara nyingi hakipo. Kama mtoto hajatimiza miaka 5, anasajiliwa kwenye kituo cha afya au kwa mtendaji wa kata, bila malipo. Akizidi hapo, mnaenda ofisi ya usajili ya wilaya, iliyoko kwa Mkuu wa Wilaya, na hapo kuna ada na viambatanisho. Nenda na mlezi, usimtume. Mlezi akienda peke yake ataambiwa arudi Jumatano, na nauli ya Jumatano hana.

Cheti cha kifo au kibali cha mazishi cha mzazi aliyefariki ni karatasi ngumu, maana watu hawapendi kuigusa. Omba kwa upole, na usiombe siku uliyokuja kwa mara ya kwanza. Ya nne ni barua ya mtendaji wa kijiji kwamba mtoto fulani anaishi na fulani tangu tarehe fulani. Barua hii ni rahisi kupatikana kuliko zote na inafungua milango mingi. Ya tano ni ile ya Mama yangu: barua ya Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, baada ya kufika nyumbani na kuona mtoto analala wapi na anakula nini. Maafisa hawa ni wachache na vijiji ni vingi. Nimezoea kukusanya walezi watano au sita wa kitongoji kimoja, nikampelekea afisa orodha yao kamili, ili safari yake moja imalize kazi ya wote.

Toa nakala mbili. Moja ibaki kwa mwalimu mkuu, nyingine kwako. Karatasi halisi arudishiwe mlezi mbele ya macho yake, wakati uleule. Usiondoke nayo hata kwa saa moja.

Kusoma daftari la mahudhurio

Miaka niliyofundisha, daftari la mahudhurio lilinifunza mengi kuliko chuo. Huwezi kulifungua kiholela. Anza na barua kwa Afisa Elimu Kata, kisha mwalimu mkuu, kisha mwalimu wa darasa mwenyewe, ambaye ndiye anayejua. Eleza unatafuta nini, na ahidi kwamba hutalipiga picha.

Ukilifungua, usihesabu siku tu. Angalia umbo la utoro. Oktoba hadi Desemba utaona vistari vyekundu vimejaa kuanzia darasa la tatu kwenda juu, na sababu yake kila mtu huku anaijua: korosho zinadondoka, familia zinahamia shamba, na mtoto ni mikono miwili ya kuokota. Kwa anayelelewa kuna jambo la ziada. Nimekuta watoto wanaookota kidogo kidogo na kuuza kwa kangomba, yaani wanunuzi wa korosho wasio rasmi, bakuli kwa bakuli, wapate hela ya daftari na kalamu, kwa sababu wanaona aibu kumwomba mtu asiye mzazi wao. Mtoto kama huyo ukimkemea kwa utoro umempiga mara mbili.

Kuna binti mmoja wa darasa la tano sitamsahau. Daftari lilionyesha hayupo Jumatatu. Jumanne yupo, Jumatano yupo, Alhamisi na Ijumaa yupo, Jumatatu hayupo tena. Ilianza Januari, ikaendelea Februari na Machi yote. Mwalimu wake aliandika "mtoro sugu". Nikaenda kwao jioni ya Jumapili. Kwenye kamba kulikuwa na shati moja jeupe, limefuliwa, linachuruzika, na mvua imeanza tena. Bibi yake alikuwa na shati hilo moja tu la kumvalisha. Jumatatu ni siku ya ukaguzi wa usafi mstarini. Akienda na shati bichi lenye ukungu anachapwa, akienda na chafu anachapwa, kwa hiyo anabaki nyumbani kulisubiri likauke. Tulinunua shati la pili. Daftari la Aprili lilikuwa safi, na mwalimu wake mwenyewe ndiye aliyeniita kunionyesha.

Nakuomba uingie na jicho hilo. Ukiona kistari chekundu, uliza ni siku gani, msimu gani, na mtoto analala kwa nani. Usichelewe pia, kwa sababu akitoweka siku 90 mfululizo anahesabiwa ameacha shule, na kumrudisha baada ya hapo ni kazi nyingine kabisa.

Mwalimu mkuu naye ana sababu yake ya kukusikiliza. Tangu elimumsingi bila malipo ianze mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji inakwenda kwa kuhesabu vichwa: shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi, sehemu yake ikiwa ni ya vitabu, na 25,000 kwa wa sekondari. Mtoto akifutwa, shule nayo imepungukiwa. Nilipoacha kwenda ofisini kulalamika na kuanza kusema, "Mwalimu, tumrudishe huyu, ni wako," mambo yalikuwa mepesi.

Shika pia hili: hakuna mtoto wa kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Mwaka 1999, nikiwa darasa la tatu, ada ya shule ya msingi bado ilikuwepo, nilitolewa mstarini na wenzangu wanne. Tulitembea hadi ufukweni tukakaa chini ya mkungu mpaka kengele ya kutoka, tusije tukaulizwa nyumbani. Ada ile ilifutwa 2001. Lakini mwaka juzi nilikuta mtoto amekaa chini ya mwembe karibu na shule nyingine, saa nne asubuhi, kwa sababu ya mahindi ya uji. Hapo huna haja ya kupandisha sauti. Mwombe mwalimu mkuu mwende wote kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, mlezi aandikwe kwamba atalipa kwa siku za kazi au baada ya mnada wa korosho, na mtoto arudi darasani siku hiyohiyo.

Hodi kwa mjomba

Watu wa mashirika wanaotoka mbali hukosea hapa, wakaambulia watoto waliofichwa. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo unafuata mama. Mtoto akifiwa na mama, hata kama analelewa na baba yake mdogo au jirani, mwenye neno la mwisho mara nyingi ni mjomba. Unaweza kukubaliana na mlezi kila kitu, na mjomba akaja Jumamosi akamchukua mtoto kwenda kuchunga ng'ombe au kufanya kazi za ndani mjini, na hakuna wa kumzuia.

Kwa hiyo muulize mlezi mapema: mjomba wake ni nani, anaishi wapi? Kisha mwende wote wawili. Chagua jioni baada ya shamba, na epuka siku ya mnada, maana siku hiyo akili zote ziko ghalani. Piga hodi, shikamoo, kaa ulipoelekezwa. Zungumzia mvua, mikorosho, dawa ya salfa ya kuipulizia. Usifungue daftari lako. Baada ya hapo mwache mlezi aanze mwenyewe, wewe ufuate. Maneno ninayotumia ni haya: "Mjomba, sikuja kumchukua mtoto. Nimekuja kukuomba uniambie wewe unamtaka awe nani."

Wengi hunyamaza kidogo. Mjomba mmoja wa huko Ruangwa alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani nimemuudhi. Kisha akasema dada yake alitaka kuwa nesi, na korosho za mwaka ule ndizo zilimtoa shule. Alitia saini bila kuuliza swali lingine, na binti yule sasa yuko kidato cha nne.

Kama ni msichana aliyeacha kwa ujauzito, mweleze mjomba na mlezi kwa uwazi: Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unamruhusu kurudi shule ya serikali baada ya kujifungua. Nenda na nakala. Nimeshaambiwa "sheria haipo" na mtu mwenye cheo, na nakala iliyokuwa mkobani ndiyo ilimaliza ubishi. Jambo lingine: ukihisi mtoto anapigwa, anabakwa au anatumikishwa, mambo ya mjomba na mkeka yanaishia hapo. Piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, haitozwi, na siku hiyohiyo mwone Afisa Ustawi na dawati la jinsia la polisi. Usikubali kikao cha kuyamaliza kifamilia. Nimeshuhudia vikao hivyo viwili nikiwa msichana, na mtoto ndiye aliyelipa.

Mkutano mkuu wa kijiji

Mkutano wangu wa kwanza nilisimama kwa hasira nikasema watoto wengi wa kulelewa hawaendi shule, na kijiji kimekaa kimya. Mwenyekiti, mzee mtaratibu, akauliza, "Wangapi, mwanangu? Majina yao?" Sikuwa nayo. Akasema tuendelee na ajenda. Nilirudi nyumbani nimeumia, lakini alikuwa na haki ya kuuliza.

Miezi mitatu iliyofuata nilizunguka kitongoji kimoja nyumba kwa nyumba, jioni baada ya vipindi, na daftari kubwa la kaunta. Mistari minne tu kwa kila mtoto: anaishi na nani, yupo darasa gani au alitokea darasa gani, siku ya mwisho kuonekana shuleni, na sababu kwa maneno ya mlezi mwenyewe. Kitongoji kimoja kilinipa watoto tisa. Mkutano uliofuata nilisimama na tisa hao, bila kutaja majina hadharani, nikasema wanne wamekosa sare, watatu wapo shamba, wawili shule iko mbali na wana miaka saba. Watu waligeuka wakaangaliana. Wengine walijua nazungumzia nyumba gani, na bibi mmoja akasema kwa sauti, "Huyo wa sare nitamshonea mimi."

Kuhusu utaratibu, sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ana haki ya kuhudhuria na kusema. Lakini usisubiri "mengineyo". Hoja inayoletwa kwenye mengineyo inafika jua limezama, watu wanatafuta kandambili zao. Mwandikie mtendaji wa kijiji barua wiki mbili kabla, omba iwe ajenda yenye namba. Mkutano ukiisha, fuatilia muhtasari. Usipoandikwa kwenye muhtasari, hukusema kitu. Muhtasari ndio unaopanda kwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ni mwenyekiti na mtendaji wa kata ni katibu, na kutoka hapo unakwenda halmashauri.

Jambo moja zaidi ninalolisisitiza popote ninapokwenda: uchaguzi wa kamati ya shule ukifika, hakikisha mlezi mmoja anagombea. Bibi anayelea wajukuu akikaa kwenye kamati hakuna atakayepitisha mchango wa kumfukuza mtoto asubuhi.

Kalenda ndiyo itakayokupa au kukunyima

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai. Wanaotetea wengi huamka Mei, Bunge la bajeti likiwa linarushwa redioni, wakaanza kuandika barua. Wakati huo umeshachelewa mwaka mzima. Vijiji na kata hukusanya vipaumbele kuelekea mwisho wa mwaka, na madiwani huipitia rasimu ya halmashauri mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Kwa sisi wa korosho, maana yake ni kwamba hoja lazima iive Septemba, kabla watu hawajahamia shamba, iingie kwenye muhtasari, na diwani ashikwe mkono kabla ya Krismasi.

Omba kitu kidogo, chenye kipimo. "Boresheni elimu" hakuna anayeweza kukijengea bajeti. Wale watoto wawili wa miaka saba walituonyesha cha kuomba: shule shikizi, yaani tawi dogo la shule mama, kitongojini kwao, maana kutoka hapo hadi shule mama ni mwendo wa kuvuka bonde ambalo masika hujaa maji, na mlezi mzee hawezi kuwasindikiza. Wananchi walifyatua matofali, wakasomba mchanga, wakanyanyua boma hadi lenta kwa nguvu zao. Serikali imezoea kumalizia maboma, na kiwango kinachotajwa kwa chumba kimoja ni shilingi milioni 12.5. Mwaka 2021, kwenye fedha za mpango wa UVIKO-19, yalijengwa madarasa 15,000 nchini, na 3,000 kati yake yalikuwa ya shule shikizi. Tulivitumia vitu hivyo viwili mbele ya diwani: boma limesimama, na serikali yenyewe imeshasema shule shikizi ni jambo lake. Bati zilipanda mwaka wa pili yake. Mwaka wa kwanza tulikosa, tukarudi na hoja ileile, karatasi ileile, na picha ya boma likiwa limeota majani.

Baraza la madiwani likikaa, nenda ukae nyuma usikilize. Ni kikao cha wazi. Ukionekana mara tatu mfululizo, unaanza kusalimiwa kwa jina.

Kusajili

Usikimbilie kusajili shirika. Anza kama kikundi, kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri, mpate mwaka mmoja au miwili ya kazi halisi. Shirika lisilo la kiserikali linasajiliwa chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, kwa Msajili wa NGOs, kwa ngazi ya wilaya, mkoa au taifa. Utahitaji katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha, na taarifa za viongozi. Tangu marekebisho ya 2019 cheti kina muda, miaka 10, kisha kinahuishwa. Taarifa ya mwaka na ada ni lazima hata kama hamkupata senti. Fedha za mfadhili zikizidi shilingi milioni 20, mkataba unapelekwa kwa Msajili na kutangazwa. Sisi tunabandika mapato na matumizi yetu kwenye mbao za matangazo za vijiji, kwa sababu tunawadai wengine wabandike.

Picha

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, wageni walikuja Mikindani na gari, nikapewa sabuni na daftari, nikaambiwa nitabasamu. Kwa muda mrefu shuleni niliitwa "wa sabuni". Kwetu hatupigi picha ya mtoto uso kwa uso, hatutaji jina lake, hatumwiti yatima mbele ya wenzake, na zawadi hatutoi mstarini. Sare inapelekwa nyumbani usiku, mlezi ndiye anayemkabidhi mtoto, ili ashukuriwe mlezi. Tumewahi kukosa mfadhili kwa msimamo huu. Tulikosa gari mwaka ule, tukaendelea na pikipiki.

Wiki ya kufungua shule

Januari, wiki ya kwanza, niko barabarani kuanzia Jumatatu. Mkobani nina daftari la kaunta, kalamu tatu, nakala za nyaraka za elimu, orodha ya namba za watendaji, shati moja jeupe la akiba, na pedi ya wino. Walezi wengi wa huku bado wanaweka dole gumba, na shule nyingi hazina pedi, au ipo imekauka. Joto letu linaikausha haraka, kwa hiyo ninaiweka ndani ya kopo lenye kifuniko, na matone mawili ya maji kila asubuhi kabla sijapanda pikipiki.